Nusu Kijiti cha Mzee Chetezo

Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Hayakumtokea binamu wa jirani yangu, wala sikuyaokota msibani. Nilikuwa nimeshiba, nimelala vizuri usiku uliotangulia, sina homa, na jua lilikuwa bado halijazama. Nayasema mapema kwa sababu najua ukifika katikati utaanza kunitafutia sababu. Nimeshazitafuta zote kabla yako. Mimi ni mtu wa kupima mambo. Ukiniambia chai ni ya moto, nakigusa kikombe kwanza.

Nauza udi na manukato Chikongola, hapa Mtwara mjini. Shule niliishia darasa la saba, lakini mambo ya harufu nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, kwa kuuliza waliotangulia, na zaidi kwa pua. Niletee kijiti cha udi wa Kihindi, hivi vya kwenye pakiti, nami nitakueleza tabia yake kabla hujakiwasha. Kuna vile vyeusi, ambavyo ni unga wa mkaa uliogandishwa kwenye kijiti cha mwanzi kisha ukachovywa mafuta ya kunukia. Vinawaka upesi, moshi mwingi, harufu inakupiga usoni halafu inaondoka na kukuachia kichwa kinauma. Na kuna vya kahawia, vya kukandwa: unga wa miti, utomvu, asali, pengine na maua, vimesokotwa kwa kiganja. Ukivibonyeza kwa ukucha vina ulaini kidogo. Hivi vinawaka taratibu, moshi wake mwembamba kama uzi, na harufu yake haina haraka. Inaingia kwenye pazia, kwenye kanga, kwenye mto, na kesho yake ukifungua mlango wa chumba ndiyo inakusalimu. Hata majivu yanasema. Ya kijiti kibaya yanadondoka vipande vipande. Ya kijiti kizuri yanasimama, yanajikunja kama ukucha mrefu, yanangoja.

Mvua zikianza, pakiti zangu nazifukia kwenye debe la mchele, maana hewa ya pwani hii inanywesha maji kila kitu, na kijiti kilicholowa huzimika katikati, kama mtu aliyesahau alilokuwa anasema.

Ndivyo alivyokuwa mama yangu.

Mama alikuwa Kitaya, kijiji kilicho ukingoni mwa Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, na ng'ambo hiyo ndiko alikozaliwa baba. Baba alikuwa mtu wa kuvuka mto na bidhaa, vitenge huku, samaki wakavu kule, na alikwisha kufariki siku nyingi. Mama alibaki pale na kaka yangu Hamisi na mkewe, wifi yangu Mwanahawa, wanalima muhogo na mpunga na wana mikorosho yao. Akaanza kusahau. Kwanza alisahau chumvi kwenye mboga. Kisha akasahau siku za wiki. Mwisho akatusahau sisi. Nilikuwa nikifika na kumshika mkono, ananitazama usoni na kuniambia, "Karibu, mama. Wewe mtoto wa nani?"

Kwa adabu kabisa. Adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniumiza. Kama angenifukuza ningesema ni ugonjwa.

Sikuwa na tamaa ya kumwona anapona. Daktari alishanieleza kwa upole na nilielewa. Nilitaka jambo moja tu: aniite jina langu la utotoni, lile alilokuwa akiniita yeye peke yake, mara moja tu kabla hajaondoka. Jina hilo sitaliandika hapa. Ni lake.

Sasa, safari moja niliwasha kijiti cha msandali chumbani kwake, kupunguza harufu ya dawa. Mama akainua pua. Akanusa. Akasema, "Siyo huu."

Basi, hilo tu. Lakini wewe fikiri. Mtu ambaye hajui ni Jumatatu au Ijumaa, anasema siyo huu. Kumbe upo anaoukumbuka!

Nami niliujua. Zamani, baba aliporudi kutoka ng'ambo, mama alikuwa hamwachi aingie chumbani na harufu ya safari. Alikata kipande cha muhogo mbichi, akakichomeka kijiti cha udi, akakiweka kizingitini, na baba akapita juu ya moshi ule kabla ya salamu, kabla ya maji, kabla ya habari za huko. Alhamisi jioni pia alifukiza, nyumba nzima na nguo zetu. Muhogo mbichi ni kishikio kizuri kuliko vibao vya dukani, kwa sababu majimaji yake yanauzima moto ukifika chini. Na mama hakupuliza ule mwali wa kwanza kwa mdomo hata siku moja. Alipunga mkono tu, kama anayefukuza nzi kwenye uso wa mtoto aliyelala.

Udi huo tulikuwa tukiununua kwa mzee mmoja aliyepita vijijini na baiskeli. Jina lake la kweli sisi watoto hatukulijua. Tulimwita Mzee Chetezo, kwa sababu baiskeli yake ilikuwa kama chetezo cha kufukizia chenye magurudumu: kwenye usukani alifunga kipande cha muhogo kwa mpira wa tyubu, akachomeka kijiti kinachowaka, na hivyo ndivyo alivyotangaza biashara. Harufu ilifika kwanza, kengele baadaye, yeye mwisho. Udi wake ulikuwa wa kukandwa, na harufu yake mpaka leo sijui niilinganishe na nini. Chukua mti wa liwa uliosuguliwa sasa hivi kwenye jiwe lenye maji. Tia asali kidogo. Kisha chini kabisa, kwa mbali, uwe na vumbi lililopigwa na tone la kwanza la mvua. Umekaribia, lakini hujafika.

Nikaanza kuutafuta madukani, maana mzee mwenyewe, kwa hesabu ya umri wake, hakuwa tena wa kutafutwa. Kila safari ya Kitaya nilibeba vijiti vipya, vya waridi, vya yasmini, vya majina ambayo sikuweza hata kuyatamka. Mama ananusa. "Siyo huu." Mwanahawa akawa ananicheka.

"Wifi, utatufukiza mpaka tuwe samaki wa kukausha. Siku moja atakuja mtu atupime kwa kilo."

"Vumilia, wifi yangu."

"Navumilia. Kuku ndio wamehama."

Kisha, mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na korosho za mwisho zikiokotwa, Hamisi akanipigia simu. Mama amegoma kula. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda mdomoni. Alikuwa anakataa kwa sababu sisi kwake ni wageni. Mama yangu alilelewa kwamba mwanamke mwenye heshima hali ovyo nyumba za watu. Mwanahawa akimletea sahani, anashukuru, anasema, "Nimeshiba, ahsante. Nitakula kwangu." Alikuwa kwake. Alikuwa ameketi kwenye kitanda chake mwenyewe. Tangu juzi anashukuru tu, na mwili unakwisha.

Unaona lilipofika jambo? Kama hatutakuwa watu wake tena, atakufa na njaa akiwa mgeni mwenye adabu nyumbani kwake.

Nilifunga begi nikatia kila kijiti kizuri nilichokuwa nacho. Kutoka mjini nilipata gari mpaka njia panda, na pale nikapanda bodaboda ya mtu anayeitwa Selemani, baba mtu mzima, mwenye tumbo na maneno mengi. Tulikwenda vizuri mpaka tukaliacha eneo la lami kabisa. Kwenye bonde moja lenye tope, mnyororo ukakatika.

"Mama, hii dakika tu," Selemani akasema, huku amekwishakaa chini na kuvua viatu, jambo lililonionyesha kwamba si dakika.

"Mimi natangulia kwa miguu. Utanikuta mbele."

"Angalia viboko."

"Viboko wako mtoni."

"Wao ndio walikwambia?"

Nikaondoka. Njia ile ni moja. Kulia ni mikorosho, kushoto ni mashamba ya mpunga yaliyokwisha kujaa maji, hakuna mchepuko. Alasiri ilikuwa imepita, jua limelala juu ya miti, na manyunyu mepesi yanadondoka. Chini ya mikorosho mabibo yalikuwa yameoza, na kama hujawahi kupita msimu huo, elewa kwamba harufu ya mabibo haikupi nafasi ya kunusa kingine. Ni tamu, kali, imechachuka, inakaa kooni.

Ndani ya harufu hiyo nikasikia udi wa baba.

Nilisimama. Nilichofanya kwanza ni kutazama upepo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Upepo ulitoka nyuma yangu, upande wa bahari. Mtandio wangu ulikuwa unapepea mbele, kuelekea mtoni. Na harufu ilikuwa inatoka mbele. Ilikuwa inakuja kinyume cha upepo, imenyooka kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Nililowesha kidole nikakiinua, kuhakikisha. Upepo ulikuwa nyuma.

Kisha kengele ikalia.

Akatokea mzee anakokota baiskeli kwenye tope. Kofia ya kitambaa, shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, suruali imekunjwa magotini. Kwenye keria kulikuwa na sanduku la mbao. Kwenye usukani, muhogo umefungwa kwa mpira, na juu yake kijiti kinawaka. Manyunyu yalikuwa yanakidondokea, hakikulia wala kusinyaa. Moshi wake ulipanda wima. Majivu yalikuwa marefu kuliko nilivyowahi kuona, yamejikunja kama ndoana, na gurudumu lilipogonga mzizi wa mkorosho, baiskeli ikaruka, majivu hayakuanguka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona umeninusa kabla ya kunisalimia? Watu wa mjini, utovu wa adabu umewapanda mpaka puani."

Nilicheka, Mungu anajua. Nilicheka kama mtoto aliyekamatwa. Na akili yangu, ambayo naitegemea, ikanipa jibu la haraka: huyu ni mtoto wake, au mpwa wake. Maana Mzee Chetezo alikuwa mzee mimi nikiwa mdogo, na sasa mimi mwenyewe nina mvi.

"Wewe ni mtoto wa Mzee Chetezo?"

"Mtoto! Mimi sina hata mtoto wa bata. Nimeoa baiskeli, na baiskeli haizai."

"Basi biashara umeirithi kwake."

"Biashara hairithiwi, inatembezwa. Umekuja kunihoji, au unataka udi?"

"Nautaka. Nautaka sana, babu. Lakini niambie unaweka nini ndani. Ni msandali, hilo nalijua, na asali. Cha tatu ni nini?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza mvua inalala wapi. "Ukikivunja ukachungulia, utaona vumbi. Ukikiwasha, mama yako atakuonyesha kilichomo."

"Nani kakwambia habari za mama?"

"Wewe. Mtu mzima anakimbia kwenye tope na begi la udi, anamkimbilia nani kama si mama yake?"

Jibu hilo lilikuwa na akili, kwa hiyo nikatulia. Akafungua sanduku, akatoa kifungu kidogo cha vijiti kilichofungwa kwa ukili, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa na uvuguvugu, kama yai lililotoka kwa kuku. Nikafungua mkoba, akaupiga mkono wangu kofi dogo.

"Kwenu sichukui kitu. Baba yako alinifanyia wema ambao sikuwahi kumshukuru. Sikiliza sasa. Kichomeke kwenye muhogo mbichi. Mwali uzime kwa mkono. Usipulize. Pumzi ni ya kuita watu, si ya kuzimia udi. Na akiinua uso, usianze kumtahini, mama unanijua, mama mimi nani. Kaa naye tu. Unasikia wewe, bingwa wa maswali?"

"Nimesikia, babu."

"Haya, nenda. Huyo ana njaa."

Akapita, akielekea nilikotoka. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopinda nyuma ya mikorosho. Ulinitazamia nikuambie kwamba nilitetemeka? Sikutetemeka. Niamini. Ile ilikuwa harufu ya nyumbani kwetu, ningeiogopaje?

Sikupiga hatua nyingi, Selemani akanifikia na pikipiki yake, ametapakaa oili.

"Umekutana na mzee mwenye baiskeli?" nikamwuliza.

"Mzee gani?"

"Amepita sasa hivi, anakuja kwako."

"Mama, tangu nikae pale hajapita hata mbwa. Ningemwomba anishikie mnyororo." Akasita, akanusa hewa. "Lakini wewe umefanya nini? Nimekuacha unanuka mabibo kama mimi, sasa unanukia kama bibi harusi."

Nilikaa nyuma yake, nimekishika kile kifungu ndani ya mtandio mpaka Kitaya.

Nilifika Magharibi inaadhiniwa. Mama alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. "Karibu, mama," akaniambia. "Wewe mtoto wa nani?" Midomo yake ilikuwa imekauka. Kando yake kulikuwa na uji uliokwisha kuganda.

Mwanahawa akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umekuja na moshi wako?"

"Nikatie muhogo, wifi. Mbichi."

Hakunicheka. Akaenda akakata.

Niliwasha kijiti. Mwali ukashika, nikapunga mkono, ukazimika, ikabaki ile nukta nyekundu. Nikakiweka kizingitini, pale pale mama alipokuwa akikiweka. Moshi ukaingia chumbani bila kutawanyika, ukanyooka mpaka kitandani. Ninakueleza nilichokiona, na Mwanahawa alikuwepo.

Mama akainua pua. Nikangoja ile kauli yake. Haikuja. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, na alipoyafumbua alikuwa amerudi ndani yake.

"Baba yenu amevuka?" akauliza.

Nilikaa naye tu, kama nilivyoagizwa.

Akageuka, akanitazama, na akaniita jina langu. Lile. Kisha akaongeza, "Mbona umekonda hivyo? Mjini hamna chakula?"

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mtandio.

"Mwanahawa," mama akaita, "huyu mtoto hajala. Leta chakula, tule."

Wifi yangu akakimbia jikoni anajikwaa. Akaleta ugali wa muhogo na kisamvu. Mama akanawa, akamega, akala. Akala tonge la pili. Akatafuna kwa makini.

"Nani kapika?"

"Mimi, mama," Mwanahawa akasema, machozi yanamtiririka.

"Ndiyo maana chumvi haipo."

Tulicheka mpaka Hamisi akaja kutoka uani kuuliza kuna nini. Mama akamwita naye kwa jina, akamwuliza kama mbuzi wamefungwa. Mbuzi hatunao tangu baba afariki. Hamisi akasema wamefungwa.

Kijiti cha urefu ule, kwa ujuzi wangu, kingekwisha kabla ugali haujaiva. Kile kiliwaka tukala, tukanawa, Isha ikaadhiniwa, mama akatusimulia ndoa ya shangazi, na bado nukta nyekundu inashuka taratibu. Ilipougusa muhogo ikazimika. Harufu ilikaa kidogo, ikaanza kupungua. Mama akanitazama kwa adabu.

"Karibu, mama. Wewe mtoto wa nani?"

Lakini alikuwa ameshiba.

Tulipotoka nje, Hamisi akaniuliza udi nimeupata wapi. Nikamwambia: kwa mzee mwenye baiskeli, njiani. Nikamweleza kofia, shati, muhogo kwenye usukani. Hamisi alikuwa anavua sandali, akaacha moja mguuni.

"Wewe ulikuwa umeolewa Masasi," akasema, "ndiyo maana hukujua. Mzee Chetezo aliugulia hapa kwetu, barazani. Hakuwa na ndugu. Baba alimwosha kwa mikono yake akamzika kando ya babu mzaa mama, kama mtu wa ukoo. Watu walimsema, yeye akanyamaza. Baiskeli yake ndiyo ile kule ghalani."

Tukachukua tochi tukaenda ghala la korosho. Baiskeli ilikuwa imening'inizwa darini, haina magurudumu, kutu tupu. Utando wa buibui ulitoka kwenye usukani mpaka ukutani, haujakatika hata uzi mmoja. Hakuna mkono uliougusa. Kwenye usukani ulibaki utepe wa mpira wa tyubu, umekauka kama gome. Nikapanda juu ya gunia, nikasogeza pua.

Ulikuwa unanukia. Hamisi akanusa baada yangu, akazima tochi, akasema, "Twende tukalale."

Sasa ngoja nikueleze jaribu lililonipata. Vijiti vilikuwa vichache, kifungu cha kushikwa kwa vidole. Vitakwisha. Na mimi ni mtu wa kazi hiyo. Ningekivunja kimoja, nikasaga, nikanusa kila kilichomo, pengine ningeujua ule unga wa tatu, nikatengeneza vya kumtosha mama maisha yake yote. Nilikaa nacho asubuhi, ukucha umekwisha kukigusa. Mwanahawa akaja akaketi kando yangu.

"Ukikuta vumbi?"

"Sitakuta vumbi. Hakuna kijiti cha vumbi."

"Sawa, wewe ndiye mjuzi. Lakini hapo unavunja usiku mmoja wa mama."

Nikakirudisha kwenye kifungu.

Badala yake tulifanya jambo ambalo wanawake wa huku wamelifanya siku zote. Alhamisi tulipowasha kijiti, tulitandika kanga ya Mwanahawa juu ya tenga, moshi ukapita chini yake mpaka ukaingia kwenye nyuzi. Nilikwambia tabia ya udi wa kukandwa, haupigi kelele lakini hauondoki. Kesho yake Mwanahawa akajifunga kanga ile akapeleka uji. Mama hakumjua jina. Alinusa tu, akamtazama, akasema, "Wewe ni wa kwetu," akafungua mdomo. Kuanzia siku ile hakukataa chakula tena. Alhamisi tulimpata mama mzima kwa muda wa kijiti, na siku nyingine kanga ilitushikia nafasi. Nami nikawa nafunga duka mapema kila Alhamisi.

Kijiti cha mwisho nilikiwasha sijasema kwamba ni cha mwisho. Mama alizungumza, akanitania, akaniuliza kwa nini sikuolewa tena. Moto ulipofika katikati akakitazama.

"Kizime hicho."

"Mama, bado kinawaka."

"Nimekwambia kizime. Kiinamishe kwenye muhogo, usipulize."

"Lakini mama, ukizima—"

"Najua." Akaniita jina langu, polepole, kama mtu anayekunja nguo na kuiweka kabatini. "Nusu hiyo si yangu. Ni yako. Na wewe utafika huku nilipo. Ukifika, usilale njaa."

Nikakigeuza, nikaigusisha ile nukta nyekundu na muhogo. Ikalia kidogo, ikazimika. Tulikaa tumeshikana mikono mpaka harufu ilipopungua. Akageuka kwa adabu.

"Karibu, mama. Wewe mtoto wa nani?"

"Wa kwako," nikamwambia.

Akafikiri. "Ahaa. Basi karibu ule."

Mama amefariki sasa. Aliondoka baada ya mavuno ya mpunga, ameshiba, amejifunika kanga ile. Tulipomwosha hatukuwasha kitu. Chumba kilinukia chenyewe, na wanawake waliokuwemo waliulizana nani amefukiza.

Ile nusu ninayo. Iko kwenye kopo lake peke yake, ndani ya mchele, na Desemba mvua zikianza, kifuniko chake kinanukia bila kuguswa. Wapo walioniomba niwauzie, wapo walioomba kunusa tu. Siuzi, na sinusishi. Wala sijaivunja, ijapokuwa unga wa tatu siujui mpaka leo, na kutojua hakuniumi tena kama zamani.

Wewe ukipita njia ya kwenda mtoni msimu wa mabibo, ukasikia udi unakuja kinyume cha upepo, simama. Salimia kwanza, ndipo unuse. Usimwulize anaweka nini. Akikupa, chukua, asipokupa, mwache apite, usimfuate nyuma ya mikorosho, kwa maana aendako nyuma ya miti hakukuhusu. Na usipulize udi kwa mdomo, hata huu wa dukani kwangu. Lakini onyo langu kubwa si la njiani. Tazama nyumba yako leo. Ina harufu gani, ambayo mtu aliyepotea ndani ya kichwa chake anaweza kuifuata mpaka mlangoni? Kama haina, anza Alhamisi hii, watoto wakiwa wapo.

Binti yangu nimemwonyesha kopo lilipo. Nimemwambia: siku nitakapomkaribisha kwa adabu na kumwuliza yeye mtoto wa nani, asilie, na asinitahini. Akakate muhogo mbichi.